Fizi za Linda

Nisogezeeni mto mgongoni, wanangu, nikae, maana haya siyasemi nikiwa nimelala. Sikilizeni. Mimi Sidi, mama yenu, nimeambiwa sukari imenimaliza figo, na bado tangu nirudi kutoka kliniki jana nacheka peke yangu kwa furaha mpaka najionea haya.

Nyumba hii ya Mishomoroni ni yenu nyote, asiuze mtu. Randu, wewe mkubwa, ule mnazi wa mpakani mpe baba yenu mdogo Changawa, na umwamkie vizuri ukimpa. Marehemu baba yenu alikwenda kaburini akiamini ndugu yake ametuloga meno kwa ajili ya mnazi huo, maana kila mtu wa nyumba hii akikaribia miaka arobaini fizi humvimba, mdomo hunuka, na meno humlegea yakang'oka mazima, bila hata kutoboka. Wala hakuna aliyejiuliza mbona Changawa mwenyewe ni kibogoyo. Mchawi gani huyo anayejiloga mwenyewe kwanza?

Jana daktari wa meno, yule binti Mueni, alinitazama mdomoni, nami nikampa habari yote ya uchawi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tukiona damu kwenye mswaki hufanya nini. Nikamweleza desturi ya nyumba yetu: unaacha mswaki, unabana ugoro kwenye ufizi mpaka damu ikatike. Akasema, "Mama, hapo ndipo meno yenu yanapoondokea."

Wanangu, nilitaka kuruka na mguu huu mbovu. Kumbe ni ukoga tu, unaganda penye shina la jino kama ukoko kwenye sufuria, ufizi unavimba, unaachana na jino, na mfupa unaolishikilia unaliwa polepole. Damu inakuambia safisha, nasi ndipo tunapoacha. Ugoro unaificha damu huku unazidi kuharibu. Sukari nayo huchochea fizi, na fizi mbovu huichochea sukari. Mfupa ulioliwa haurudi, lakini uliobaki unaweza kuokolewa.

Linda, ondoa mkono mdomoni, najua mawili yanalegea. Hayo mengine yangali yameshika, na ndiyo furaha yangu yote. Piga mswaki laini asubuhi na usiku, taratibu, mpaka penye ufizi, hata damu ikitoka. Ugoro wa kabatini nimeumwaga chooni. Na keshokutwa Mueni anakungoja akukwangue huo ukoga ulioganda, nimekuombea nafasi mwenyewe.

Nipeni maji... Ahsanteni. Pumzi inakatika. Randu, hili la mwisho ulishike wewe. Nawajua wazee wetu: nikifa kabla ya hiyo keshokutwa ya Mueni, watasema binti wa marehemu haondoki mkekani mpaka matanga yaanuliwe, na Linda kwa haya zake atakaa. Asikae. Hata kama sijazikwa, mwinue, mpeleke... wewe mwenyewe, kisha mrudi mnililie. Atakayeuliza, mwambieni Sidi kasema.

Mungu awabariki, wanangu... awape uzee wa kutafuna mahindi ya kuchoma. Randu... hujaitika. Itika, baba... nikusikie.