Binti wa Adalbert na Régine

Ndugu waombolezaji, mimi ni Deborah, mtoto wake wa kwanza, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Albertine Kabange, na nitasoma niliyoandika mimi, si ile karatasi niliyopewa jana.

Mama alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1961, baba yake Adalbert, mfanyakazi wa reli, mama yake Régine. Adalbert alikufa mwaka 1967, Régine akamfuata baada ya miezi minane, na mtoto akaletwa Lubumbashi kwa Godefroid, mdogo wa Adalbert, aliyefanya kazi mgodini na kukaa kambini. Kampuni ilisomesha na kulisha watoto wa mfanyakazi, si yatima wa kaka yake, kwa hiyo Godefroid akamwandikisha kama binti wa kumzaa, aliyezaliwa 1963, na kwa muhuri mmoja mama akapoteza miaka miwili ya umri, na wazazi wawili kwa mara ya pili. Akakatazwa kuwataja, hata kuwalilia, wakubwa wa kambi wasije wakasikia. Alikuwa na miaka saba.

Alisoma hadi darasa la nne, 1972, akatolewa abebe watoto wa Godefroid mgongoni, ila jina lake likabaki kwenye orodha ya kampuni, maana unga wake ulikuwa mtamu.

Tarehe 20 Desemba 1980 aliolewa na baba yetu Franck, wakatuzaa wanne, na kwa miaka thelathini alishona sare za shule pale Ruashi.

Mwaka 2019 alikwenda ofisi ya vyeti vya kuzaliwa mara kumi na moja kuomba arudishiwe wazazi wake. Karani, mtu wa adabu sana, akafungua kitabu: "Mama, hapa baba yako alikufa 2009. Huyu wa 1967 iko nani, baba wa akiba?" Wakacheka ofisi nzima, kisha wakamwomba alete shahidi aliyemwona akizaliwa, awe hai, na kitambulisho.

Aliugua sukari tangu 2021, akatutoka Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi. Jana mjomba Rigobert, mwana wa Godefroid, akanivuta pembeni: "Mwipwa, fwata papier ya mazishi, andika binti ya Godefroid, usitupatishe haya mbele ya bantu." Yomba, haya hiyo ibebe mwenyewe, wewe ulikwisha kubebwa vya kutosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bukari, ugali wetu, siku tatu, mafundi wenzake wa cherehani, na fundi rangi Chama, aliyeandika msalabani majina mawili niliyompa, Adalbert na Régine, na rangi imekwisha kukauka.

Mama, nenda kwa wazazi wako, upumzike kwa amani.