Michezo Ichezwe, na Dobi Apimwe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Michezo ya Mataifa; meneja wa uwanja; muuguzi wetu aliye pale nje; na ndugu wafanyakazi wenzetu. Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha leo, kila mmoja akivuta pumzi yake mwenyewe bila kusaidiwa.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu chumba cha kufulia. Wageni wa uwanja huu huonyeshwa nyasi, viti na kombe. Wewe ni wa kwanza kuuliza jezi zinakwenda wapi zikivuliwa. Utusamehe kwa joto. Madirisha tumeyafungua yote, lakini mashine za kukaushia hazijui adabu ya mgeni. Tumesikia kwamba kamati yako inakaribia kuamua kama michezo ichezwe janga likiwa bado lipo, au iahirishwe. Nasi tuna neno.

HISTORIA YETU

Idara hii ilianza kwa mabeseni na kamba. Leo tuna mashine kubwa, lakini mashine haina pua. Kwa hiyo tangu mwanzo tuna utaratibu wetu. Kila jezi ikikauka hupelekwa kwenye meza ya mwenzetu mmoja, naye huinusa kwapani. Akitikisa kichwa, jezi inarudi majini. Akikiinamisha, inakwenda kwenye pasi.

Mwenzetu huyo tunamwita Mama Pua, na jina hilo analibeba kwa fahari. Ukiingia kazini asubuhi anaweza kukuambia kwamba maziwa yamekuungulia nyumbani. Kabla ya kuanza kazi husimama kidogo mezani pake, akamwomba Mungu amlinde yeye, mumewe aliye dereva wa malori ya mbali, na baba mkwe wake anayeishi naye. Mzee huyo alivunja mawe maisha yake yote, na vumbi la mawe lilimwachia mapafu mabovu. Mpira anaupenda kuliko dawa zake.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa, Mheshimiwa, yalitokana na kosa. Tunalieleza wenyewe kabla hujalisikia kwa majirani.

Katika mashindano ya majaribio, kila mtu humu alivaa barakoa. Mama Pua peke yake aliruhusiwa kuiteremsha ya kwake, maana hakuna anusaye kupitia kitambaa. Siku ya mechi ya mwisho vikapu vilipishana. Jezi za timu ya wageni, zikiwa na jasho la mazoezi ya jana yake, zilifika mezani pake badala ya kwenda majini. Akanusa ya kwanza, akainamisha kichwa. Akanusa ya pili, vilevile. Kikapu kizima kikapita.

Mzee wetu wa pasi anasema mvuke ulipopanda alisikia harufu kama ya beberu, akadhani ni kofia yake mwenyewe. Alipoulizwa mbona hakusema, alijibu, "Mimi nani nibishane na pua ile?"

Basi timu ikaingia uwanjani na jezi zilizonyooka vizuri na kunuka vibaya. Mabeki wa upande wa pili walikaa mbali na mshambuliaji wa wageni hao kuliko kanuni zote za afya zinavyotaka. Alifunga atakavyo. Baada ya mechi kocha wao alituma shukrani, akatuomba tusibadilishe sabuni.

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Mama Pua hakucheka. Alikwenda kwenye rafu, akafungua chupa ya siki, akanusa. Akafungua dawa ya madoa, ile inayomtoa mtu machozi akiwa mlangoni. Kisha akaketi, akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, sisikii kitu."

CHANGAMOTO

Muuguzi alimpima, akamkuta na ugonjwa. Wachezaji walikuwa wakipimwa kila asubuhi. Sisi tulipimwa joto la paji la uso getini, na paji lake lilikuwa baridi kama la mtu yeyote. Jioni zote hizo alikuwa amerudi nyumbani, akampa mkwewe chai na kumkunjia shuka.

Mzee alilazwa, akawekwa kwenye mashine ya hewa. Mungu ni mwema, alirudi. Sauti imebaki nusu, ubishi umebaki mzima. Daktari alisema wazi kwamba ugonjwa ukimrudia, hakuna wa kumwahidi chochote.

Mama Pua naye alipona, harufu zikamrudia, akarudi kazini. Lakini nyumbani hajaingia. Amejibana kwa mwenzetu mmoja, na mkwewe anamsalimia kupitia dirisha. Uji anapikiwa na jirani. Mzee anausema vibaya uji huo kwa sauti ambayo jirani anaisikia.

Tulipokutana kuandaa risala hii, tulibishana sana. Dada wa kukunja alitaka michezo iahirishwe, kwa sababu mpira utakuwepo mwakani na mapafu hayana vipuri. Mzee wa pasi alimjibu kwamba michezo ikiondoka na vibarua wanaondoka, na njaa nayo haina chanjo. Wote wawili walisema kweli. Mwisho tukamgeukia Mama Pua. Akasema, "Mimi nataka michezo. Baba anaitaka kuliko mimi. Jana dirishani ameniambia ameingojea tangu akiwa na meno yote. Ila mimi sitaki kumpelekea fainali kwa mkono huu na sanda kwa mkono huu."

Tulikwenda ofisini kuomba tupimwe kama wachezaji. Tukaambiwa kwa upole kwamba vipimo ni vya washiriki. Mheshimiwa, jezi inatoka mwilini mwa mchezaji ingali na joto lake, inaingia mikononi mwetu. Kama hapo hatujashiriki, basi tumeshiriki wapi? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote za michezo hii zinapitia humu.

MAOMBI YETU

Hatusemi michezo isichezwe. Tunaomba kila anayefua, anayepika, anayefagia na anayefungua geti apimwe kama anavyopimwa anayepiga penalti, na apate jibu kabla hajarudi kwa watu wake. Ikiwa vipimo havitoshi kwa wote hao, tunaomba michezo iahirishwe mpaka vitoshe. Tunasema hivyo tukijua kwamba kibarua kitakachokatika ni chetu. Tumepiga kura ya mikono, na mikono yote ilipanda, hata wa mzee wa pasi, ingawa wake ulipanda polepole.

Kamati itaamua siku yake. Ombi letu la leo ni dogo. Wewe na msafara wako mmepimwa mlangoni mlipoingia, na tumefurahi, maana tunawataka wazima. Meza ya muuguzi bado iko pale nje. Mama Pua hayumo humu kati yetu, ukimtafuta. Amesimama mbele ya meza hiyo na barakoa ameshaiteremsha. Muuguzi yu tayari, anachosubiri ni ruhusa yako. Nyumbani mzee amehamishia kiti chake dirishani tangu asubuhi, kwa sababu ameambiwa kwamba leo huenda mkwewe akapita mlangoni.

Mwenyezi Mungu akupe hekima katika kuamua na wepesi katika kusema ndiyo. Awalinde wachezaji njiani, awarudishe kwao na medali na afya, na kama ni kimoja, basi afya. Nasi atujalie kuwafulia tukiwa wazima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Amina.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Idara ya Ufuaji, Ukaushaji na Pasi ya Uwanja