Nyumba Isiyoingia Yai: Wasifu wa Marehemu Dakika Kumi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, saa nane mchana, siku kumi na sita baada ya siku aliyotarajiwa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama mfua nguo wa hospitali. Mama yao alipoulizwa kwa nini mtoto alichelewa, alijibu kwamba alikuwa hajaiva. Dada yake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alikuwa na miaka minne siku hiyo. Alilalamika kwamba wamesubiri muda wote ule wakaletewa kitu chekundu kisicho na meno.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya kutwa hadi 1978. Alifaulu hisabati, akafeli kila somo lililotaka haraka. Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti: "Kijana huyu akipewa muda anaweza, lakini muda haupo." Baba yao aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza haikuyumba tena, kwa hiyo hatuwezi kusema elimu yake haikuifaa familia.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate cha mjini, kazi ya kufagia unga. Baada ya miaka sita alikuwa anasimamia tanuri. Huko ndiko alikopewa jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye kitambulisho. Mkate ukitoka motoni, yeye hakuruhusu ukatwe mpaka utulie dakika kumi. Hakujali aliyekuwa anataka kuukata ni meneja, mkaguzi wa afya au mtu mwenye njaa. "Ukiukata sasa unauua," alisema. "Subiri dakika kumi." Wenzake walimwita hivyo kwa kejeli, naye akaitika kwa heshima, na kejeli ikakosa pa kushika.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na mshonaji wa mtaa wa pili. Tarehe 3 Juni 1992 walijaliwa binti, mtoto wao pekee, ambaye shangazi yake alimpa jina la utani la Kifaranga kwa sababu ya nywele zake laini. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba jina hilo lilikuwa dhihaka. Shangazi anaomba radhi, si kwa mara ya kwanza.

Siku Kifaranga alipotimiza miaka mitatu, shangazi alimwokea keki ya mayai manne. Mtoto alikula kipande kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Midomo ikavimba, kisha macho, kisha pumzi ikaanza kutoka kwa mluzi. Marehemu alimbeba akakimbia naye hadi hospitali, mwendo wa dakika ishirini na tano, akafika kwa dakika kumi na nne. Ndiyo mara pekee katika maisha yake kufanya jambo kwa haraka. Daktari alisema ni mzio wa mayai, mkali sana, na kwamba huenda ukaisha akikua. Marehemu alikuwa mtu wa tanuri, na kwenye tanuri hakuna huenda. Alilisikia neno hilo, akaliacha palepale mlangoni.

Alimsamehe dada yake siku hiyohiyo, kisha akamkagua jiko kwa miaka ishirini na tisa.

Tangu hapo nyumba yake haikuingia yai. Mlangoni alibandika orodha ya vitu arobaini na viwili, kuanzia keki za dukani hadi kumkumbatia mtoto kabla ya kunawa baada ya kifungua kinywa. Muuguzi mmoja mzee ndiye aliyemwambia kuwa mbegu za kitani zikisagwa na kutiwa maji hushika unga kama yai linavyoushika. Mjini, mbegu hizo zilipatikana kwenye duka moja tu, la vyakula vya mifugo.

"Una farasi wangapi?" muuzaji aliuliza.

"Mmoja. Ana miaka mitatu."

"Anakula sana?"

"Anachagua."

Alinunua kinu cha mkono cha kusagia kahawa, akaanza. Alijifunza kwamba mbegu nzima haifai, maana hupita tumboni kama abiria aliyesinzia akapitishwa kituo. Lazima isagwe, tena asubuhi ileile, kwa sababu unga wake ukilala unachacha. Kijiko kimoja cha unga, vijiko vitatu vya maji, koroga, kisha subiri. Ni muda gani, mnajua wenyewe. Ukirudi unakuta ute mzito unaovutika, na huo ndio aliotia kwenye skonzi za ngano nzima, keki ndogo za ndizi mbivu na biskuti za shayiri za kopo la shule. Skonzi zake za kwanza zingeweza kuvunja dirisha. Kufikia mwaka 1997 watoto wa darasa la Kifaranga walikuwa wanabadilishana vya kwao na vyake, viwili kwa kimoja, na marehemu ilibidi aandike juu ya kopo: "Usipokee cha mtu."

Mwaka 1996 kiwanda kilimteua kuwa mkuu wa sehemu ya keki. Alikataa, kwa sababu sehemu ya keki ilivunja mayai mia sita kwa zamu, na alihofia nguo zake. Alibaki kwenye mikate ya kawaida, chini ya vijana aliowafundisha yeye, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Januari 1999 mkewe aliondoka. Maneno yake yalikuwa, "Niliolewa na mtu, sikuolewa na orodha." Yupo hapa leo, ametuomba tusiongeze neno, nasi hatuongezi.

Linalofuata limeandikwa kwa ombi la binti. Dada wa marehemu alimshauri aliache. Binti alisema, "Shangazi, kuna mtu alinyimwa kitu kwa ajili yangu. Atakuwa amekaa pale. Soma."

Tarehe 13 Agosti 2013 Kifaranga alikuwa na miaka ishirini na mmoja, akisomea upimaji wa ardhi. Kwenye kantini ya chuo aliuma mkate wa mwenzake, na alipokwisha kumeza ndipo alipouliza ndani kuna nini. Kulikuwa na yai. Alikaa kwenye ngazi, mkono kooni, akitazama saa ya ukutani, akisubiri kufa. Alisubiri dakika kumi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Hakufa. Wiki hiyo alipimwa na daktari, akaambiwa mzio umekwisha, pengine siku nyingi.

Jumamosi alirudi nyumbani kumwambia baba yake. Alimkuta anatoa skonzi kwenye oveni, unga hadi kwenye nyusi. Baba akamwambia, "Usiguse, mama. Dakika kumi." Binti anasema zile dakika kumi zilimshinda. Akaamua kusema wiki ijayo. Wiki hiyo ilidumu miaka kumi na miezi tisa. Kila Jumamosi alirudi, akala alichookewa, akasifu. Jumatatu alikula mayai kama watu wote.

Mwaka 2014 marehemu alifahamiana na mwalimu mjane wa shule ya jirani. Walikutana kwenye lile duka la mifugo, yeye akifuata kitani, mwalimu akifuata chakula cha kuku, kwani alikuwa na kuku mia mbili wa mayai. Sote tuliona kilichotokea. Marehemu alianza kuchana nywele. Alicheka mezani mara mbili kwa wiki moja, na dada yake alidhani anaumwa. Jumamosi ya tarehe 8 Novemba mwalimu alikuja kwake, akanawa mlangoni kama orodha ilivyotaka, akasema lake bila kuzunguka.

"Fundi, kuku nitawauza."

"Mtu hauzi riziki yake kwa ajili yangu, Mwalimu."

"Riziki ni yangu, niachie mwenyewe. Na binti ana miaka ishirini na miwili. Anaishi chuoni."

"Jumamosi anarudi."

"Jumamosi tutanawa."

"Mimi nimeshazoea kuogopa," marehemu alisema. "Wewe usianze. Mwanangu kwanza."

Kifaranga alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, na biskuti mkononi. Asubuhi hiyo kabla ya kupanda basi alikula mayai mawili. Anasema alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na alikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini kuisema kungekuwa kumwambia mtu kwamba amepoteza mke, cheo na mwaka mzima wa asubuhi za kusaga kwa kitu kisichokuwepo tena. Akaona afadhali apoteze mwalimu. Ndivyo alivyopima, naye ni mpima ardhi. Mwalimu aliaga, akanawa mikono tena wakati wa kutoka, ingawa orodha haikutaka hivyo.

Alhamisi iliyopita binti alikwenda kumweleza. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni mwaka gani alipimwa. Akajibiwa. Akasema, "Kuku wenyewe walikufa wote kwa ugonjwa wa kideri, Machi iliyofuata ile Jumamosi."

Ugonjwa wa marehemu ulianza Septemba 2022, chakula kilipoanza kumkwama. Kwa mara ya kwanza maishani aliulaumu mkate wake. Alipunguza maganda ya ngano, akaongeza maji, akabadilisha moto. Tarehe 6 Februari 2023 aliambiwa ni saratani ya umio. Daktari aliuliza kama anavuta sigara, akasema hapana. Pombe, hapana. Akaulizwa basi anakula nini, naye akaeleza kwa kirefu, mbegu kwa mbegu, mpaka daktari akaweka kalamu chini. Majirani waliokuja kumpa pole walishindwa kuficha kwamba wamekasirika. Walikuwa wamemwiga kwa miaka, wakinunua kitani kwa kilo, kwa imani kwamba mla vizuri hafi vibaya.

Aliteremka chakula kwa chakula. Skonzi zilimshinda Juni. Biskuti zilizolowekwa kwenye chai zilimshinda Oktoba. Uji ulimshinda Machi mwaka huu. Kilichobaki ni ule ute wa kitani, kijiko kimoja kwa maji matatu, kwa kuwa unateleza. Alijifunza kuutengeneza kwa ajili ya koo la mtoto, ukaishia kwenye lake. Binti aliusaga kila asubuhi wodini kwa kile kinu cha mkono, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walilalamikia kelele, kisha wakazoea, kisha baadhi yao wakafa.

Jumapili tarehe 19 Mei 2024 sahani ya kifungua kinywa ililetwa kitandani kwake. Hakuwa ameomba, kadi ya chakula ya kitanda hicho ilikuwa haijabadilishwa. Kulikuwa na kipande cha mkate na yai la kuchemsha. Mhudumu alimtazama Kifaranga, aliyekuwa hajala tangu jana yake, akamwambia, "Kula wewe, dada. Mzee hawezi, na kikirudi jikoni kinamwagwa."

Kifaranga alichukua yai. Anasema hakufikiri. Alilimenya, akaliinua.

Marehemu alikuwa hajanyanyua mkono kwa siku tisa. Aliunyanyua. Aliipiga sahani, ikaenda sakafuni, na yai likamponyoka binti na kubingiria hadi chini ya kitanda cha tatu. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo tu, lakini dada yake alikuwa upande wa pili wa kitanda na alisikia.

"Mama. Litakuua."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Hakukuwa na nyingine, na wote wawili tuliokuwa wazima mle ndani tulijua, kwani binti alikuwa amekwisha kumwambia shangazi yake.

"Nisamehe, baba," binti alisema. "Sikuona kama ni yai."

"Umekula?"

"Sijala."

"Nawa."

Akaenda akanawa. Alinawa muda mrefu. Aliporudi, marehemu alimkagua vidole kimoja kimoja, kisha akafumba macho. Hakusema neno lingine, siku hiyo wala iliyofuata. Alifariki Jumanne tarehe 21 Mei 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, wakati kinu kinasaga.

Skonzi mtakazopewa baada ya mazishi hazina yai. Tulimwuliza binti kwa nini, maana sasa hakuna wa kufichwa. Alisema hajui kuzipika vingine.

Marehemu ameacha binti mmoja, asiye na mzio wowote; dada mmoja, ambaye jiko lake halitakaguliwa tena na ambaye hajui afanye nini na usafi wote ule; mshonaji aliyekuwa mkewe; mwalimu ambaye hakuwa; kinu kimoja; na kopo la mbegu za kitani lililofika nusu. Orodha bado iko mlangoni. Binti amekataa ibanduliwe.

Apumzike kwa amani, na huko aliko asiwepo wa kumwambia.