Bi. Safia Obeid na Sheria ya Shangazi Kwanza

Baada ya miaka kumi na tisa ya kusugua nyuso za watu, Bi. Safia Obeid anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 1997. Wengi wetu hapa Saluni ya Mapambazuko tulimkuta kazini, na hatujui kiti chake cha kona kitakuwaje bila yeye.

Alianza mwaka 1978 kwa kufua taulo. Kwao Kaloleni, bibi yake alikuwa akiwasinga maharusi, akiwasugua ngozi kwa liwa ya msandali na unga wa mchele, kwa hiyo mashine ya mvuke ilipoletwa hakuiogopa. Uso uliokaushwa na jua la ziwani aliufukiza, akaupaka krimu ya chembechembe, akausugua kwa ncha za vidole mpaka ngozi iliyokufa itoke. Akina mama wa Milimani walikuja na magari yao, wauza samaki wakaja kwa miguu, na wote aliwakataza kuongea wakati wa kazi. Yeye mwenyewe aliongea bila kituo.

Mwaka 1986 alipata mtihani. Seline, bibi harusi kutoka Katito, alitoka hapa uso ukiwa laini. Shangazi yake Dorca aliutazama, asione hata mkwaruzo. "Hii uso haijasuguliwa, imepanguzwa tu!" akasema, akachukua jiwe la kusugulia visigino akamalizia kazi. Nia ilikuwa njema. Ngozi ndiyo iliyoteseka. Seline alirudi kwetu akilia, mashavu yamechubuka, arusi ikiwa wiki ijayo. Alisema heri iahirishwe kuliko aingie kanisani vile.

Bi. Safia hakumlaumu mtu. Kila alipofunga kazi alikwenda Katito kumkanda Seline kwa kitambaa cha maji baridi, na kumkinga na jua, na poda, na shangazi. Siku ya arusi alama zilikuwa bado zinaonekana, lakini Seline aliingia kanisani akitabasamu. Kwenye benchi la mbele alikaa Bi. Safia, na buibui lake vilevile.

Tangu hapo akaweka sheria: bibi harusi haguswi mpaka shangazi asuguliwe kwanza, aijue kazi kwa shavu lake mwenyewe. Dorca ndiye aliyefungua njia, akasinzia kitini na kukoroma mpaka wapita njia wakachungulia. Mwenye saluni, Bwana Zadock, alinung'unika kwamba krimu inaisha. Mashangazi walipoanza kuja hata pasipo na arusi, akanyamaza.

Mei mwaka huu Bi. Safia alimwambia Bwana Zadock kwamba vidole vyake vimeanza kufa ganzi. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika, wala sisi hatukuwa tumeona lolote. Tulimsihi afike walau Desemba, maharusi wanapokuwa wengi. Alikataa.

"Uso siusikii vizuri tena," alisema. "Siwezi kungoja mpaka mtu alie ndiyo nijue."

Siku hiyo tuliolia ni sisi.

Asante, Bi. Safia, kwa subira, kwa utani, na kwa kutufundisha kwamba mkono mwepesi nao ni kazi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu watakaokusikiliza bila kukukatiza. Hakuna uso hata mmoja ulioharibikia mikononi mwako. Nenda ukapumzike, mama yetu, na maisha mema yakufuate.