Ildefonsa Hakupanga Foleni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Bibi Ildefonsa Niragira wa Ngara, tuliyemzika Alhamisi. Msitegemee nimweleze kama mama mpole. Hakuwa mpole. Mimi mwenyewe aliwahi kunikaripia mlangoni mwa kanisa kwa kuchelewa misa, wakati nina ndevu tayari.

Turudi mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini. Ildefonsa alikuwa mjane, akiishi na binti yake Esperansia kwenye kilima upande wa Rusumo. Amri ilikuja kwamba watu washuke kando ya barabara. Aliyeisimamia pale alikuwa balozi wa nyumba kumi, Protasi Bukuru. Wasikilizaji, shikeni jina hilo. Bukuru alichoma nyumba ya Ildefonsa.

"Mama alimwomba amwache atoe mbegu za maharage," anasema Esperansia. "Alikataa. Tulisimama tukasikia maharage yakipasuka ndani ya moto."

Mwaka huo walilima kwa mbegu za kuomba.

Kijijini walisali kigango kimoja, Bukuru na Ildefonsa. Kila Jumapili ya misa Bukuru alikwenda kupokea komunyo, kifua mbele. Ildefonsa alibaki kwenye benchi. Alikuwa amefunga, amefua kitenge, ameungama. Lakini hakupokea. Miaka minne hakupokea.

Watu wakanong'ona kwamba ana mwanamume. Padre Modestus alimwambia, "Mama, msamehe tu moyoni, inatosha."

Akajibu, "Baba, nimejaribu, moyo haunisikii. Siwezi kusema amina kwa mdomo huku ndani namwita mbwa. Na yeye anapokea kana kwamba paa langu lilianguka lenyewe."

Hata Esperansia alipopata komunyo ya kwanza, mama hakusimama. "Nilimwomba, leo tu, mama. Akaniambia, 'Mwanangu, ile si zawadi ya sherehe.' Nililia siku nzima."

Ildefonsa alimfuata Bukuru nyumbani kwake. Bukuru akasema, "Mama Esperansia, ile ilikuwa amri."

"Amri ilisema tuhame. Mbegu zangu ulizichoma wewe. Nimekuja kukusamehe, lakini sema kwanza ulichofanya."

Bukuru alifunga mlango.

Kisha ikaja vita, mwishoni mwa 1978. Mgambo waliitwa, Bukuru akiwamo. Lori lilikuwa linakuja Jumatatu. Jumapili kigango kilijaa. Wakati wa komunyo Ildefonsa aliinuka. Watu wakashtuka. Hakupanga foleni. Alikwenda akasimama mbele ya Bukuru.

"Hupiti."

Katekista alimvuta mkono. Ildefonsa akauchomoa.

"Bukuru, kesho unakwenda vitani. Unaweza kufa. Sitaki ufe na jambo hili, wala mimi nibaki nalo. Sema!"

Padre alisimama na hostia mkononi. Bukuru akatazama sakafu. Kisha akasema, na watu wote wakasikia: "Nilichoma nyumba ya mama huyu. Aliniomba atoe mbegu, nikamnyima. Hakuna aliyenituma kumnyima. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," akasema Ildefonsa, kwa sauti ileile kali. "Sasa twende."

Wakapiga magoti bega kwa bega. Ildefonsa akapokea komunyo, baada ya miaka minne.

Bukuru alirudi kutoka vitani akichechemea. Ildefonsa alimpa pole, kisha akamwambia, "Hukuchoma nyumba yangu tu. Wengine wanakungoja." Na Bukuru akaenda, mlango kwa mlango, na mguu wake mbovu. Wengine walimkaribisha. Mmoja alimfukuza kwa jembe. Akarudi tena kesho yake.

Hawakuwa marafiki, wasikilizaji. Hawakutembeleana. Lakini Alhamisi Mzee Bukuru alikuwa makaburini, ameshikwa na wajukuu. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza anamkumbukaje marehemu.

"Marahaba," akasema. "Yule mama alinizuia njiani kwenda mezani kwa Bwana. Kabla ya pale nilikuwa nakula tu."

Kwa Esperansia, wajukuu na ndugu wote wa Ngara na Biharamulo, tunawapa pole. Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Na wewe unayenisikiliza, labda umekwishaandaa nguo ya Jumapili. Vizuri. Lakini kuna mtu unayemjua, na nyumba yake unaijua. Jumapili bado haijafika. Nenda.