Kawia Kawia Darajani

Ting! Usiku kucha ilisikika sauti hiyo moja tu, nayo ilitosha. Simu ya Kinyozi ililia mara moja chini ya mto, ikanyamaza. Moyo wake haukunyamaza. Jioni ilimkuta kwenye benchi mbele ya kibanda chake cha kunyolea, kikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kulia kwake alikaa Mzee Breki, dereva mstaafu, mwenye birika la kahawa. Kushoto alikaa Profesa, fundi redio asiyekosa jibu, hata asipoulizwa. Kati ya Profesa na Kinyozi palibaki nafasi ya mtu mmoja. Hapo hapakaliwi. Ni pa yule.

— Hebu soma tena, alisema Breki.

— "Mwenzako anakungoja darajani. Mwaliko utafungwa jua likizama."

— Ni yule?

— Ni yule.

Yule ni mdogo wake Kinyozi, tumbo moja. Walikuwa wakicheza pamoja gemu ya simu, kila mmoja na simu yake, wakisikizana sauti: mmoja anashika gurudumu ili daraja lisiinuke, mwenzake anavuka. Walianguka mtoni mpaka majirani wakazoea vilio vyao. Siku moja Kinyozi akamwonea mdogo wake huruma. Kimyakimya akaondoa "Ngumu", akaweka "Rahisi". Mdogo mtu aligundua akiwa katikati ya daraja. Hakugomba. Alisema tu, "Kumbe siku zote waniona siwezi," akaiacha gemu ilipo, akafunga begi. Tangu siku hiyo, miaka sasa, hakuna aliyemtaja kwa jina.

— Dawa ni kushusha tena iwe rahisi, alisema Profesa. Akili ni nywele, na wewe ndugu yangu nywele unazinyoa!

— Si ndiko kulikomfukuza? aliruka Breki. Gari likikwama kilimani hubomoi kilima, unabadilisha gia.

— Basi aweke ngumu kupita zote, aonekane dume.

— Vidole vimesahau, alisema Kinyozi. Asubuhi nimejaribu peke yangu. Nilitaka kushika, nikaruka. Nikimwangusha leo, harudi tena.

Profesa akasogea, akashusha sauti.

— Na kama si yeye? Gemu ikiachwa muda mrefu huingiwa na upweke. Hiyo imejiandikia yenyewe, inakulilia.

— Gemu ilie?

— Mzee, redio ngapi nimezikuta zikizungumza zenyewe kabatini? Chanda chema huvikwa pete!

— Pete imeingiaje hapa?

— Kwenye chanda! Kwani anabonyeza kwa kisigino?

Breki alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

— Mimi ninachohofia ni daraja lenyewe. Mtu kasimama katikati miaka yote hii. Chuma gani hicho kisichoshika kutu?

Kinyozi alijua daraja la simu halishiki kutu. Lakini aliitega simu sikioni, kana kwamba amesikia mlio wa chuma. Vivuli vilikuwa vimeshavuka barabara.

— Ingia, mwanangu, alisema Breki kwa upole. Wahenga walisema, kawia kawia utamkuta mwana si wako.

Wakati huo alifika muuguzi, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, katoka kazini na kikombe chake. Alitaka kukaa penye nafasi. Watatu wakanyoosha mikono pamoja kumzuia. Akabaki amesimama. Breki aliinamisha birika. Likatoa tone moja, likakauka.

— Samahani, wazee wangu, alisema muuguzi. Kwa nini mnasema "kawia kawia"? Mimi methali hiyo nilifundishwa inaanza na neno jingine.

Profesa alifumbua mdomo. Akaufumba. Breki akalitikisa birika tupu.

Kinyozi alilijua jibu. Mama yao alimbeba kitinda mimba akapitiliza siku zake, na jina akampa kwa hilo. Mdogo mtu alipoondoka, kijiwe kililiondoa neno lenyewe, hata vinywani mwa wahenga.

Akabonyeza "Ingia".

Katikati ya daraja alisimama kijana mdogo wa kuchorwa, mgongo umemwelekea. Kwenye simu kulisikika mtu akipumua. Kinyozi hakugusa "Ngumu", hakugusa "Rahisi". Kidole chake kilipapasa, kikakosea, kikarudi, kikalipata gurudumu. Akalikandamiza.

— Nimeshika, alisema. Vuka.

Kijana hakugeuka. Pumzi zikaendelea. Jua lilikuwa limebaki kipande juu ya bati la jirani, na kidole cha Kinyozi kilianza kutoa jasho na kuteleza.

— Labda hajui kama ni yeye unayemwambia, alinong'ona muuguzi.

Kinyozi akaisogeza simu mdomoni.

— Chelewa, alisema.