Bi Rudia Hakuacha Kazi kwa Hiari Yake

Ndugu wafiwa, majirani, wanafunzi wake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, familia imenituma nisome historia ya shangazi yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Rudia, na naomba mnivumilie nikisoma polepole, maana kusoma harakaharaka mbele yake ni kosa ambalo hata leo sithubutu kulifanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akimtazama baba yake akifumua nguo ya mteja mshono kwa mshono ili ajue ilivyoshonwa kabla hajashona nyingine kama hiyo, na tabia hiyo ya kufumua kwanza ndiyo aliyoingia nayo kwenye vitabu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1965, ambako tarehe 22 Julai 1966 alishinda kombe kwa kughani shairi huku akirusha mikono na kububujikwa na machozi, ukumbi mzima ukasimama, lakini mwalimu wake wa fasihi akamvuta pembeni na kumuuliza, yule anayesema ndani ya shairi anamwambia nani. Siku hiyohiyo alilirudisha kombe ofisini kwa mwalimu mkuu, mama yake akadhani amerukwa na akili, na mwaka uliofuata akalisema shairi lilelile mikono imetulia, kama anayezungumza na mtu mmoja aliyemkosea, asipate zawadi yoyote, akarudi nyumbani anaimba.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kuwa mwigizaji katika jumba la maonyesho la halmashauri, na Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa na fundi umeme wa jumba hilo, mtu pekee, kwa maneno ya shangazi mwenyewe, aliyesoma mchezo mzima kabla ya kuwasha taa. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1978 na mvulana mwaka 1981, ambao wako hapa mbele yenu, na ambao utotoni hawakuwahi kusomewa hadithi ikaisha, kwa sababu kila ukurasa mama yao aliwauliza huyu anataka nini, na kwa nini anasema sasa hivi.

Sasa nafika mwaka 1984, na hapa baba mdogo wangu, kwa nia njema ya kuulinda msiba, alinishauri nisome kwamba marehemu aliacha kazi kwa hiari yake. Baba mdogo, shikamoo, nakuheshimu sana, lakini sisomi hivyo.

Marehemu alifukuzwa. Alipewa nafasi ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa, mwongozaji akataka aanguke na kupiga mayowe, kwani watu wamekata tiketi waje kulia, naye shangazi akamwonyesha kwamba katika onyesho la kwanza mama huyo anaandaa sahani mbili wakati nyumba ile ina watu watatu, maana yake alikwisha kujua tangu mwanzo, na mayowe ya mwisho yatakuwa uongo. Mwongozaji akasema hakuna mtazamaji anayehesabu sahani. Jumamosi ya tarehe 2 Juni 1984 shangazi alipanda jukwaani, akaletewa habari, akaendelea kukunja nguo za mwanawe mpaka ya mwisho, hakuna aliyepiga makofi, na Jumatatu asubuhi akaambiwa akabidhi funguo za chumba cha kuvalia. Mwongozaji wa wakati ule amefika, amekaa mstari wa pili, karibu sana mzee wetu, maji ya kunywa yapo.

Kuanzia Januari 1985 alifundisha sebuleni kwake, ambapo hakuna aliyeruhusiwa kusimama wala kukariri kabla ya kusoma mezani mistari yake na ya wenzake pia, na kila aliposikia sauti imetangulia maana aligonga meza kwa kifundo cha kidole, akasema rudia. Wengi waliopitia meza ile leo wanaigiza katika jumba lilelile lililomfukuza, na hilo nalisema kwa sauti kubwa makusudi.

Novemba 2021 aligunduliwa kuwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji, sauti ikaondoka, lakini darasa halikufungwa, kwani kidole kilibaki. Mwezi uliopita alidai asomewe historia hii, nikamsomea pale kitandani, na nilipofika kwenye maneno kwa hiari yake aligonga ubao wa kitanda mpaka nikayafuta. Alifariki Jumatano ya tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, na sitasema alikuwa tayari, kwa sababu hakuwa tayari, alikuwa na mchezo mpya chini ya mto na alikuwa amefika katikati tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wasanii wenzake waliomchangia damu, na majirani, hasa mama wa nyumba ya pili, aliyesikia mstari mmoja ukirudiwa jioni nzima kupitia ukutani, na badala ya kulalamika akaukariri.

Limebaki neno la mwisho, ambalo pia nilimsomea, akagonga, nikarudia kwa huzuni, akagonga, nikarudia kwa upole, akagonga, na nadhani alisikia kila mara kwamba msemaji anataka kumaliza aende nyumbani. Leo sitaki kwenda popote.

Shangazi, pumzika kwa amani. Kama nimekosea, gonga.